Chumba cha Usumba na Sufi

Kengele ya shule hii ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe. Mwanafunzi wa zamu huipiga kwa kipande cha nondo, na mlio wake hufika hadi barabarani, kwa wauza machungwa na mafundi baiskeli waliojipanga kivulini. Tanga ni mji wa baiskeli. Asubuhi zinapita kwa makundi, mama amekaa nyuma kiupande, mtoto yuko mbele juu ya fremu, begi la shule limening'inia kwenye usukani. Shule yenyewe ni ya msingi, ya serikali, yenye majengo marefu ya mabati na kuta za rangi mbili: nyeupe juu, bluu chini mpaka usawa wa kifua cha mtoto. Wanafunzi ni mamia. Uwanja umeshindiliwa na miguu yao hata majani hayaoti.

Nyuma ya mwembe, mbali kidogo na madarasa mengine, kipo chumba nilichokuja kukiona. Zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Urefu wake hatua kumi, upana hatua sita. Sasa ni sehemu ya kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, na wengi wanaokitumia wana usonji. Lakini hata mtoto wa darasa la awali akichafukwa moyo asubuhi, akalia kilio kisichokoma, huletwa hapa, hukaa, kisha hurudi kwa wenzake.

Mlangoni unavua viatu. Kando ya ukuta wa kushoto imelazwa njia ya fremu za mbao, kila fremu na kitu chake, na anayeingia hupita humo pekupeku. Ya kwanza ina mchanga uliochekechwa. Ya pili ina kokoto laini za mtoni. Ya tatu imejaa vifuu vya nazi vilivyolazwa kifudifudi na kufukiwa nusu ili visiyumbe. Kisha usumba, ule unaotoka kwenye makumbi yaliyozikwa ufukweni miezi kadhaa yakaoza, yakapondwa mpaka zikabaki nyuzi. Kisha mkeka wa ukindu. Mwisho kabisa kuna mto mpana wa sufi uliovikwa kanga mbili kuukuu, na mguu ukifika hapo unazama mpaka kifundoni.

Nilipita pia, taratibu. Kwenye usumba vidole vilijikunja vyenyewe. Kwenye sufi nikajikuta nimesimama bila sababu, sitaki kutoka.

Ukutani hakuna kitu. Madarasa ya jirani yamejaa herufi, namba, picha za wanyama, ratiba, ramani. Humu ukuta ni mtupu, rangi ya maziwa iliyofifia. Madirishani zimetundikwa kanga zilizopauka, na mwanga unaoingia ni wa manjano, mpole. Juu, chini ya mabati, umeshonwa mtandio wa magunia ya mkonge kutoka boriti hadi boriti. Mkonge ndio uliolea mji huu: miche 62 iliyopona safari ndefu kutoka Florida ilipandwa karibu na Pangani mwaka 1893, na vizazi na vizazi vya vibarua vikaja kuikata. Humu magunia yake yana kazi nyingine, nami niliielewa siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri.

Harufu ni tatu. Mkonge wenye unyevu kidogo. Mafuta ya nazi. Na mchaichai, uliopandwa kwenye makopo nje ya dirisha, ambao watoto huchuma jani lake, wakalifikicha na kulinusa.

Saa nne rimu ililia kwa mapumziko. Mlio haujaisha, mvulana wa miaka sita au saba akaingia mbio, viganja amevibana masikioni, shati la sare limechomoka kwenye kaptura. Alikuwa akipiga ukelele mmoja usiokatika. Alipoondoa mkono mmoja sikioni ilikuwa ni kujiuma kifundo cha mkono, na pale kifundoni ngozi ilikuwa imeshakuwa ngumu, alama juu ya alama.

Mwalimu hakumwambia anyamaze. Hakumwambia neno lolote. Alishusha kanga ya dirisha la upande wa uwanjani, akachuchumaa hatua mbili kutoka kwa mtoto, kiupande, bila kumkazia macho, kisha akaweka viganja vyake viwili ukutani na kusukuma. Mvulana alimwona. Akaja, akasukuma na yeye. Alisukuma kwa mwili mzima, visigino vikiteleza sakafuni, mishipa ya shingo imesimama, sauti bado inatoka. Baada ya ukuta ikafuata ndoo: ndoo ndogo iliyojaa mchanga nusu, ya kuchukuliwa kutoka pembe hii kupelekwa pembe ile na kurudishwa. Baada ya ndoo, kinu.

Kinu hicho ni kidogo, kimefungwa matambara kitakoni kisigonge saruji, na ndani yake muna mahindi makavu. Mvulana alishika mchi kwa mikono miwili. Du. Du. Du. Mwanzoni mapigo yalikuwa ya hasira, ya ovyo, punje zikiruka. Kisha yakapata mwendo. Ukelele nao ukaanza kukatika, ukawa vipande vinavyofuata mchi, kila pigo na kipande chake, mpaka pigo moja likashuka peke yake bila sauti ya mtu. Akavuta pumzi. Nilisikia pumzi hiyo kutoka upande wa pili wa chumba.

Hapo ndipo alipoletewa beseni la choroko. Alizamisha mikono mpaka viwiko, akafungua vidole ndani humo, akatulia hivyo, akitazama punje za kijani zikijirudisha mahali pake kila alipojaribu kuchimba shimo. Ngozi ya kiganja kimoja cha mtu ina vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000, na vyote wakati ule vilikuwa na habari moja tu ya kupeleka: baridi kidogo, mviringo, laini, tena na tena. Wakati huo wote mwalimu alikuwa amekaa pembeni yake na beseni lake mwenyewe, mikono yake nayo ndani.

"Kazi nzito kwanza," alinieleza baadaye. "Halafu mikono. Maneno mwisho kabisa, mtoto akishakuwa tayari kuyapokea."

Mpango huo una maana yake mwilini. Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu, lakini wataalamu wa tiba kwa vitendo huongeza mingine. Mmoja umo ndani ya misuli na maungio, nao huuambia ubongo viungo viko wapi na vinafanya nguvu kiasi gani. Kusukuma, kuvuta, kubeba na kutwanga huujaza mlango huo habari nzito zilizo wazi, na watoto wengi hutulia wanapozipata. Mwingine umo ndani ya sikio, mifereji mitatu midogo yenye majimaji inayopima kugeuka kwa kichwa, pamoja na vifuko viwili vinavyopima mwendo wa mbele na nyuma, juu na chini. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa Marekani alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba baadhi ya watoto wanaoshindwa darasani wanashindwa kwa sababu ubongo wao haukusanyi vyema habari za milango hii yote. Kwao sauti ya kawaida inaweza kuumiza. Lebo ya shati shingoni ni mwiba. Rimu ya lori ni shambulio.

Na mtoto aliyefika hapo hasikii maneno. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima mambo na kujizuia, huchelewa kukomaa. Binadamu huvuka miaka ishirini kabla haijakamilika. Mtoto wa miaka sita anayeambiwa "jitulize" anatakiwa kutumia chombo ambacho bado kinaundwa. Anahitaji mtu mzima aliyetulia akae karibu naye, na kitu cha kushika.

Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu najua majina wanayopewa watoto hawa mitaani kwetu. Mtukutu. Mwana aliyedekezwa. Wengine husema ana pepo, akafukizwa mpaka akakohoa. Wengi huonja fimbo, na fimbo hunyamazisha kweli, kwa muda, kwa hofu. Nimemtazama mvulana yule akiwa na mikono ndani ya choroko, na alama zile kifundoni, nikawaza ni mara ngapi amechapwa kwa kuumizwa na kengele.

Upande wa kulia wa chumba kuna bembea ya shuka nene, iliyofungwa kwa kamba kwenye boriti mbili za mkoko. Mtoto hulala humo akafunikwa pande zote, uso tu ukabaki nje. Inasukumwa mbele na nyuma, polepole, kwa mwendo usiobadilika. Haizungushwi, kwa kuwa kuzunguka humchangamsha mtoto, na mwingine humvuruga kabisa hata akatapika. Aliyekuwa humo nilipofika alikuwa binti mwenye nywele zilizosukwa twende kilioni, macho wazi, akitazama magunia ya juu yakija na kwenda.

Anayesukuma bembea ni mwanamke wa makamo ya ubibi, na watoto wote humwita bibi. Hakusomea. Alianza kuja kumsindikiza mjukuu, akabaki. Chumbani yeye ndiye mwenye mafuta ya nazi, anayoyatia kwenye kikombe cha bati na kukiweka juani dirishani yapate uvuguvugu. Hukaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto mmoja mmoja akaja kumwekea nyayo mapajani. Kwanza huomba ruhusa. Hushika nyayo, akangoja. Mtoto akivuta mguu, humwacha. Akiuacha, huanza kukanda kwa kidole gumba kutoka kisigino kwenda vidoleni, kwa kukaza, kisha hupitisha kiganja chote juu ya mguu mzima kwa upole, polepole mno, mpaka nikadhani amesahau.

Hajasahau. Chini ya ngozi yenye vinyweleo, mikononi na miguuni, kuna nyuzi nyembamba za fahamu ambazo huitika zaidi mguso unapokwenda polepole, kama sentimita tatu kwa sekunde. Ukienda haraka, haziitiki sawasawa. Ukisimama, hunyamaza. Nilijaribu kupima mwendo wa kiganja cha bibi kwa macho, kutoka goti hadi kifundo cha mguu wa mtoto, na kilikuwa kwenye mwendo huo. Yeye amejifunza kwa watoto wake na wajukuu, waliokandwa mafuta tangu siku zao za arobaini na kufungwa mgongoni kwa mbeleko wakati mama anatwanga. Nikafikiri juu ya hiyo mbeleko. Mgandamizo wa kitambaa mwili mzima, joto la mgongo, mtikisiko wa mchi unaopita kwenye mifupa ya mama, harufu moja, mapigo ya moyo sikioni. Karibu kila kilichomo katika chumba hiki kimo ndani ya kipande hicho cha nguo.

Lakini watoto hawafanani, na sehemu kubwa ya kazi humu ni kujua nani anataka nini. Yupo msichana asiyegusa mchanga. Ukimkaribisha kwenye fremu ya kwanza huinua mikono yote miwili juu, vidole vimetawanyika, anatetemeka. Hakuna anayemlazimisha. Yeye ana chupa. Ni chupa ya maji ya dukani, imejazwa maji nusu na mafuta ya kupikia nusu, ndani muna shanga na vigamba vya kauri, kifuniko kimezibwa kwa gundi. Akiigeuza, mafuta hupanda kwa matone makubwa na shanga hushuka. Huisogeza karibu na jicho mpaka kope zinagusa plastiki. Amefanya hivyo mwaka mzima, mwalimu alisema, na sasa hukubali mchanga mkavu mgongoni mwa mkono. Kiganjani bado.

Wengine wanapenda pumzi. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, wanne walikuwa wakipuliza mapovu ya sabuni kwa mabua ya jani la mpapai, yaliyo matupu ndani. Povu kubwa halitoki kwa kupuliza kwa nguvu. Ukikaza linapasuka. Inabidi pumzi itoke ndefu, nyembamba, sawasawa, na pumzi ya kutoa ikirefuka hivyo, mapigo ya moyo hupungua kupitia neva ndefu inayoshuka kutoka shina la ubongo mpaka kifuani na tumboni. Watoto hawaambiwi hayo. Wanaambiwa: povu lenye ukubwa wa embe. Walikuwa wamekaza midomo, mashavu yanang'aa kwa sabuni.

Mvua ilikuja ghafla kutoka baharini. Kwanza upepo uliinua kanga za madirishani, harufu ya vumbi lililolowa ikaingia, na kutoka madarasani ukasikika mshindo, maana matone makubwa juu ya mabati yasiyo na dari ni kelele inayozima sauti ya mwalimu; masomo husimama, watoto hupiga kelele za furaha kushindana nayo. Humu nilitazama juu. Magunia yalikuwa yanatikisika kidogo kwa upepo, na sauti iliyoshuka kupitia kwao ilikuwa nzito, ya chini, imeondolewa ncha zake. Haikunyamaza. Ilivumilika. Hata hivyo watoto wawili waliziba masikio, na mmoja alikimbilia pangoni.

Pango ni meza ya zamani ya mwalimu mkuu, imefunikwa blanketi mpaka chini, imejazwa mito ya sufi. Mtoto aliyeingia humo haitwi wala hachunguliwi. Bibi alisogea tu akaketi nje ya blanketi, akapitisha chini yake mfuko mrefu wa kitambaa uliojaa mchanga, wa kuwekwa mapajani. Mkono mdogo ukatoka, ukauvuta ndani.

Mifuko hiyo ipo sita, imeshonwa vyumba vyumba ili mchanga usikimbilie upande mmoja. Hakuna unaozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto. Haiwekwi kichwani wala kifuani, na mtoto lazima aweze kuiondoa mwenyewe. Mwalimu ni mkali katika hayo. Ni mkali pia kwenye mabeseni: mbegu hupimwa kwa kikombe kabla na baada, kwa sababu choroko moja ikiingia puani au sikioni ni safari ya hospitali, na watoto wa chini ya miaka mitatu hawapewi kabisa. Mbegu za mbarika hazivuki mlango huu, wala zile nyekundu zenye doa jeusi za mtipitipi, ingawa ni nzuri kuliko zote, kwa sumu yake. Beseni la maji humwagwa mara tu mtu mzima anapoinuka. Mchanga huanikwa juani kila Ijumaa.

Wala mwalimu hamwahidi mzazi tiba. Usonji hauondoki kwa choroko, na hata vitu vinavyosifiwa sana vina mipaka: mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la mablanketi mazito kwa watoto wenye usonji, wakaona hayakuwaongezea usingizi, ingawa watoto na wazazi waliyapenda kuliko yale ya kawaida. Nilipomtajia, alitikisa kichwa bila kushangaa. Alisema anachohesabu yeye ni muda kati ya kilio kuanza na mtoto kurudi kwa wenzake, na kama kuna mtu aliyeumia katikati. Anavyo vidaftari vya hayo, mtoto mmoja kidaftari kimoja.

Huko Uholanzi, tangu miaka ya 1970, vimejengwa vyumba maalumu vya namna hii vyenye mirija ya maji inayotoa mapovu ya rangi, taa za nyuzi, vitanda vinavyotetemeka. Ni vizuri, na ni ghali. Nilihesabu kilichonunuliwa humu: mabeseni, gundi, uzi, kilo chache za choroko, mbao za fremu. Vingine vyote vimetoka majumbani, mtoni na ufukweni.

Mvua ilipopungua akaja mama mmoja kwa baiskeli, amelowa, kumchukua yule mvulana wa kengele. Mtoto alikuwa amelala juu ya sufi. Mama hakumwamsha. Alimwamkia bibi, akapokea marahaba yake, akauliza kuhusu mfuko wa mapajani, maana nyumbani jioni, adhana ya vipaza sauti inapoanza kutoka misikiti kadhaa kwa pamoja, mtoto hujigonga kichwa.

"Nina suruali ya jinzi ya baba yake imechanika," alisema. "Naweza kuikata?"

"Mguu mmoja unatosha, mwanangu. Shona vyumba vinne, usizidishe. Na mchanga usichukue wa baharini."

"Kwa nini, bibi? Ndio ulio karibu."

"Una chumvi. Utavuta unyevu, mfuko utavunda. Chukua wa mtoni, uchekeche, uanike siku mbili. Halafu uje nao hapa tuupime kabla hujampa."

Mama aliuliza uzi gani. Bibi akanyanyuka kwenda kutafuta sindano ya gunia, na mwalimu akachomoa kidaftari cha mvulana kusoma uzito wake wa mwezi uliopita.